Mantiki, Ngeli na Kompyuta: Jinsi Sarufi ya Kibantu Ilivyoingia katika Mashine

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, hawezi kulikwepa swali hili: ngeli zina faida gani? Mwanafunzi anayeliuliza si mvivu. Nyumbani anazungumza Lumasaaba, sokoni anasikia Luganda pamoja na Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kenya, darasani anasoma kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa ajue kwa nini kitabu kimepotea lakini kalamu imepotea. Tangu mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari nchini Uganda ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, wanaouliza wameongezeka. Wengi wao, ukiwadadisi, watakuambia kwamba wangependelea kusomea kompyuta.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Watu wa mwanzo waliotaka mashine ifikiri waliitegemea sana mantiki. Njia yao ilipofika kwenye lugha za Kibantu ilikwama mahali pamoja, nako ni kwenye ngeli. Kilichoikwamua ni maarifa yale yale ambayo walimu wetu huyaandika ubaoni kwa chaki na wanafunzi huyanakili bila furaha. Ili kulionyesha hilo itabidi tuondoke Wanale kwa muda, twende Marseille, Helsinki, Dar es Salaam na Cape Town, kisha turudi.

Tuanze na neno lenyewe. "Mantiki" tumelipata katika Kiarabu, na mzizi wake katika lugha hiyo unahusu kusema, kutamka. Wanazuoni wa Kiislamu walioifundisha mantiki kwa karne nyingi waliiona kuwa jirani ya sarufi: sarufi inaangalia usahihi wa usemi, mantiki inaangalia usahihi wa fikra iliyo ndani ya usemi. Mtu akisema kwamba kila mwalimu ni mtu, na kwamba Juma ni mwalimu, basi hana budi kukubali kwamba Juma ni mtu, apende asipende. Nguvu ya hoja hiyo haitoki kwa Juma wala kwa walimu. Inatoka kwenye umbo la sentensi.

Ni umbo hilo lililowavutia wataalamu wa kompyuta. Mwaka 1956 kikundi kidogo cha wanasayansi kilikutana katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na hapo ndipo taaluma hii ilipopewa jina ambalo sisi tumelitafsiri kwa namna kadhaa: akili bandia, akili unde, na siku hizi Tanzania akili mnemba. (Mimi "bandia" hainipendezi, kwa sababu noti bandia si noti, lakini mjadala huo tuwaachie wanaistilahi.) Mmoja wa waandalizi wa mkutano huo, John McCarthy, alitoa mwaka 1959 makala iliyopendekeza kwamba mashine ipewe maarifa ya kawaida ya binadamu kwa njia ya sentensi za kimantiki, kisha ikate shauri lake kwa kufuata kanuni za uamuzi. Mwaka 1965 John Alan Robinson alichapisha kanuni moja ya kuthibitisha ambayo kompyuta ingeweza kuitumia kwa urahisi kuliko zile ambazo wanafalsafa walikuwa wamezizoea. Baada ya hapo kilichokosekana kilikuwa lugha ya kuandikia.

Lugha hiyo ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, na jambo ambalo wanafunzi wa kompyuta mara nyingi hawaambiwi ni kwamba ilizaliwa kwa ajili ya isimu. Alain Colmerauer na Philippe Roussel walikuwa wanatafuta namna ya kuzungumza na mashine kwa Kifaransa cha kawaida. Colmerauer alikuwa ametoka Montreal, Kanada, alikofanya kazi ya tafsiri kwa kompyuta, na alishirikiana na Robert Kowalski wa Edinburgh aliyejua sana uthibitisho wa kimantiki. Lugha yao waliiita Prolog, jina lililopendekezwa na mke wa Roussel. Programu yao kubwa ya kwanza ilipokea matini fupi ya Kifaransa: iliambiwa kwamba kila daktari wa maradhi ya akili ni mtu, na kwamba Jacques ni daktari wa aina hiyo aliyeko Marseille. Kisha iliulizwa maswali. Je, Jacques ni mtu? Ikakubali. Yuko wapi? Ikataja mji. Je, ni mgonjwa? Ikajibu kwamba haijui, kwa kuwa katika yale iliyoambiwa hapakuwa na la kuthibitisha jambo hilo. Jibu hilo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mashine nyingi za leo zingebuni ugonjwa.

Msomaji asiyewahi kuona Prolog asiogope. Tuandike maarifa machache kuhusu nchi yetu:

iko_katika(wanale, mbale).
iko_katika(mbale, uganda).
iko_katika(jinja, uganda).

imo(X, Z) :- iko_katika(X, Z).
imo(X, Z) :- iko_katika(X, Y), imo(Y, Z).

Mistari mitatu ya kwanza ni taarifa. Miwili ya mwisho ni kanuni: alama ya nukta mbili na kistari isomwe "ikiwa", na mkato usomwe "na". Kwa hiyo mstari wa mwisho unasema kwamba X imo Z ikiwa X iko katika Y, na Y hiyo imo Z. Herufi kubwa ni za vitu visivyojulikana bado, ndiyo maana Wanale na Mbale, kinyume cha kanuni zetu za uandishi, zimeanza kwa herufi ndogo. Sasa tukiuliza kama Wanale imo Uganda, mashine itajibu ndiyo, ingawa hatukuiambia hivyo mahali popote. Imeunganisha yenyewe.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoinua mkono. Tukitaka mashine hii iseme jibu lake kwa sentensi kamili, itasemaje? Ikichukua "iko" tuliyoiandika, itatuambia kwamba mlima iko Uganda, kiwanda iko Jinja, bwawa iko Jinja, walimu iko Mbale. Sote tunakijua Kiswahili hicho. Ni kile cha kambini na cha vituo vya mabasi, ambacho wazee wetu walikisikia kwa askari na ambacho kimewafanya Waganda wengi wakichukie Kiswahili kabla ya kukisoma. Mashine inajua ukweli kabisa, lakini haijui kwamba mlima uko, kiwanda kiko, bwawa liko na walimu wako. Mantiki haina ngeli. Kwake mlima, kiwanda, bwawa na walimu vyote ni X.

Kwa Kiingereza tatizo hili ni dogo, na kwa Kifaransa ni la jinsia mbili tu. Kwa lugha ya Kibantu limeenea katika sentensi nzima, kwa sababu nomino inatoa amri kwa kivumishi, kwa kimilikishi, kwa kionyeshi, kwa kitenzi na hata kwa kirejeshi kilicho tumboni mwa kitenzi. Programu iliyoandikwa Marseille haingeweza kuletwa Mbale kwa kubadilisha msamiati tu.

Aliyeanza kazi hiyo kwa Kiswahili hakutoka kwenye idara ya kompyuta. Arvi Hurskainen, Mfini, alikuwa mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti nchini Tanzania miongoni mwa wafugaji wa Kiparakuyo. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1984. Mwaka mmoja baadaye alianza kuandika programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili. Bahati yake ilikuwa kwamba alikuwa Helsinki. Mwaka 1983, katika chuo hicho hicho, Kimmo Koskenniemi alikuwa ametetea tasnifu iliyoanzisha mofolojia ya ngazi mbili, njia ya kueleza umbo la neno kwa kanuni ambazo kompyuta inaweza kuzifuata kwenda na kurudi. Ngazi moja ni neno kama tunavyoliandika, ngazi ya pili ni mofimu zake, na kanuni zinaeleza herufi ipi hapa inalingana na ipi kule. Kifini nacho ni lugha ya kuambatisha viambishi, ingawa chenyewe hupendelea kuviweka nyuma ya mzizi. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Kifini kilikifaa Kiswahili kuliko ambavyo chombo cha Kiingereza kingefaa.

Kusema kweli, mofolojia ya ngazi mbili si mantiki ya Prolog. Haithibitishi hoja, inapita kwenye mtandao wa hatua zilizopangwa, kama mtu anayefuata njia ya miguu kupanda mlima. Lakini ni ya ukoo mmoja nayo kwa jambo la msingi: maarifa yameandikwa na binadamu, kanuni kwa kanuni, na mtu mwingine anaweza kuyasoma, kuyapinga na kuyasahihisha.

Chukua neno "hawatatusomea". Mwalimu analigawa ubaoni: ha-wa-ta-tu-som-e-a. Programu ya Hurskainen, aliyoiita SWATWOL, inafanya vivyo hivyo, na inasema kila kipande ni nini. Ugumu hauko hapo. Ugumu unaanza kwenye maneno mafupi. "Wake" ni nini? Ni wingi wa mke, au ni kimilikishi. Na kama ni kimilikishi, ni cha mtoto wake, cha watoto wake, cha mti wake au cha uso wake? "Ua" ni la bustani, au ni la nyuma ya nyumba, au ni amri ya kutisha? "Unaanguka" ni wewe, ni mti, au ni ukuta? Sisi hatuoni utata huo kwa sababu tunasikia sentensi nzima. Mashine inayosoma neno moja moja inauona wote, na inarudisha majibu matano au sita pale ambapo mtoto wa Pemba angetoa moja.

Dawa iliyotumika ilitoka Helsinki vilevile. Mwaka 1990 Fred Karlsson alieleza aina ya sarufi ambayo tunaweza kuiita Sarufi ya Vizuizi. Haijengi sentensi, inafuta. Inaanza na majibu yote yanayowezekana, kisha kanuni moja baada ya nyingine inaondoa lisilofaa kwa kuangalia majirani. Kama neno la kulia ni "zake", basi "wake" ni wanawake. Kama neno la kushoto ni nomino ya ngeli inayoruhusu "wa-" au "w-", basi kimilikishi kinabaki na wanawake wanaondoka. Hurskainen aliionyesha kazi hii kwa lugha za Kibantu katika mkutano wa kimataifa wa isimu ya kompyuta mwaka 1996. Kilichonishangaza nilipoisoma mara ya kwanza ni jinsi ilivyo ya kawaida. Kanuni hizo ni maelezo ya mwalimu anayesahihisha insha: tazama neno lililotangulia, tazama linalofuata, halafu amua.

Mfano bora wa nguvu ya upatanisho ni "kifaru". Umbo lake ni la KI-VI, lakini mnyama huyu ana uhai, kwa hiyo tunasema kifaru anapita, vifaru wanapita. Lakini jeshi lina kifaru chake, nacho kinapita, na vikiwa vingi vinapita. Nomino ni ile ile kwa herufi zote. Tofauti ya mnyama na mtambo wa vita iko kwenye kitenzi. Mtu aliyeandika programu bila kuijua kanuni ya viumbe hai atawapa faru mizinga. Na kanuni hiyo nayo ina matundu, maana rafiki ana uhai lakini tunasema rafiki yangu na marafiki zangu. Yote hayo yalipaswa kuingizwa kwa mkono, neno kwa neno. Ndiyo maana kazi iliyoanza mwaka 1985 ilikuwa bado inaendelea baada ya miaka 20, ikiwa imekua na kuwa mfumo mzima unaoitwa SALAMA.

Kanuni peke yake hazitoshi kama hakuna matini ya kuzijaribia. Kati ya 1988 na 1992 Chuo Kikuu cha Helsinki kilishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, TUKI, kurekodi lahaja na fasihi simulizi. Msomaji atakumbuka kwamba TUKI, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI, ni mrithi wa ile kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, na kamati hiyo kati ya 1952 na 1962 ilikuwa na makao yake Makerere. Uganda haikuwa mgeni katika mambo haya, japokuwa baadaye tulijifanya wageni. Pamoja na magazeti na vitabu, makusanyo ya namna hiyo yalizaa Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno milioni 12.5 katika toleo lake la kwanza na karibu milioni 25 katika toleo la pili, na kila neno limewekewa alama ya aina yake na ngeli yake kwa kutumia programu niliyoieleza hapo juu.

Mwanzoni mwa karne hii upepo ulibadilika. Wataalamu wengi wa kompyuta duniani walichoka kuandika kanuni kwa mkono. Walisema: ipe mashine matini nyingi, ihesabu yenyewe, itagundua mazoea ya lugha bila kufundishwa sarufi. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba njia hii inafaa kwa kutambua aina za maneno ya Kiswahili, na inafaa vizuri. Mwaka 2009 Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri, nayo wakati huo ilikuwa ya kitakwimu. Wapo waliotangaza kwamba sarufi imepitwa na wakati.

Lakini tuulize: mashine ile ya 2006 ilijifunzia wapi? Ilijifunzia kwenye Korpasi ya Helsinki. Alama ilizozihesabu zilikuwa zimewekwa na kanuni za Hurskainen. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyesifiwa kwa kutohitaji sarufi alikuwa amenakili daftari la mwalimu wa sarufi. Silisemi hili kwa kuwadharau wataalamu hao, ambao walieleza wazi walichotumia na ambao kazi yao ni ya maana. Nalisema kwa sababu historia hii ikisimuliwa kwa haraka, hatua hiyo huachwa.

Wakati huohuo mantiki yenyewe haikufa. Iliendelea katika fani inayojenga ontolojia, yaani orodha za maarifa zilizopangwa kimantiki: kila kitu cha aina hii ni cha aina ile, kila cha aina ile kina angalau kimoja cha aina nyingine. Hospitali, maktaba na maabara huzitumia. Zimeandikwa kwa alama ambazo daktari au mkulima hawezi kuzisoma, kwa hiyo inabidi zigeuzwe ziwe sentensi. Kwa Kiingereza mtu anaweka neno la "kila" mbele, anajaza mapengo, na kazi imekwisha. Maria Keet wa Chuo Kikuu cha Cape Town na Langa Khumalo walipojaribu hivyo kwa Kizulu mwaka 2014, waligundua kwamba mapengo hayajaziki. Neno la Kizulu la kujumlisha linabadilika kwa ngeli: ni "bonke" kwa watu, "zonke" kwa ng'ombe. Hakuna kiolezo kimoja. Kila sentensi inahitaji hesabu ya ngeli kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

Sisi tunalijua jambo hili kwa pande zote mbili. Tuna "kila", ambalo halibadiliki, na tuna "-ote", ambalo linabadilika: watu wote, vitabu vyote, nyumba zote, maji yote. Runyankore wao wana "buri", ambalo halibadiliki kama "kila" letu, ila linaikata irabu ya mwanzo ya nomino inayofuata: omuntu ni mtu, buri muntu ni kila mtu. Mganda aliyeyafanyia kazi haya ni Joan Byamugisha. Utafiti wake wa uzamivu, aliofanya Cape Town, ulihusu kuzisemesha ontolojia kwa Runyankore. Mwaka 2016 yeye, Keet na Brian DeRenzi walichapisha maelezo ya jinsi walivyoanzia kwenye kazi ya Kizulu na kuihamishia Runyankore. Fikiria umbali uliopo kati ya Durban na Mbarara. Programu ya Kiingereza haikuweza kuvuka, lakini ya Kizulu ilivuka, si nzima nzima, bali kwa sehemu iliyotosha kuwa msingi, kwa sababu lugha zote mbili hupanga nomino kwa ngeli na ngeli hizo zinaweza kupewa nambari zile zile.

Katika kazi nyingine ya mwaka huohuo, Byamugisha, Keet na Khumalo walichunguza jambo linaloonekana dogo: kuifundisha mashine kuweka nomino katika wingi. Waliona kwamba kuangalia kiambishi peke yake hakutoshi. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi walipounganisha umbo na maana. Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza angewaambia hivyo. Mtu huwa watu lakini mti huwa miti, na zote mbili zinaanza kwa m-. Tofauti na mwalimu huyo, wao walilipima jambo lenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya sayansi.

Kuna tawi la tatu, nalo liko karibu nasi zaidi. Mwaka 1998, Aarne Ranta, Mfini mwingine, alianzisha mfumo wa sarufi kwa kompyuta uliojengwa juu ya mantiki ya aina. Wazo lake ni kwamba maana ya sentensi iandikwe mara moja kama mti wa kimantiki usio wa lugha yoyote, kisha kila lugha iandikiwe sarufi ya kuuvalisha mti huo nguo zake. Kiswahili kilifanyiwa kazi hiyo na Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyechapisha maelezo yake mwaka 2012. Mwaka 2020 David Bamutura, Peter Ljunglöf na Peter Nabende walieleza sarufi za namna hiyo za Runyankore na Rukiga. Kwa hiyo mlima wetu na "uko" yake sasa vinaweza kutengana: mti wa kimantiki unasema mahali tu, na sarufi ya Kiswahili inachagua uko, kiko, liko au wako.

Sasa turudi Wanale. Lumasaaba kina kumbukumbu ndefu ya kisarufi kuliko vijana wengi wa Mbale wanavyodhani. Mmisionari J. B. Purvis alichapisha kitabu cha sarufi yake mwaka 1907, wakati ambapo serikali na kanisa vilikuwa vinatumia Luganda kule Bugisu. Mwaka 1972, mwaka ule ule wa Prolog, Gillian Brown alichapisha uchunguzi wa fonolojia na lahaja zake. Matini zilizochapishwa, hata hivyo, ni chache. Njia ya kuhesabu mamilioni ya maneno inahitaji mamilioni hayo yawepo, na kwa Lumasaaba hayapo. Njia ya kanuni inahitaji mtu anayeijua lugha, anayeweza kuieleza kwa utaratibu, na mwenye subira. Huyo anaweza kupatikana Mbale, Bududa au Sironko bila kusubiri kampuni yoyote.

Atakutana na mambo ambayo Kiswahili hakitamsaidia. Katika Lumasaaba na jirani yake Lubukusu wa Kenya, viambishi vingi vya nomino vinatanguliwa na kingine cha konsonanti na irabu: kumu- pale ambapo sisi tuna m- ya mti, kimi- pale ambapo tuna mi-, kama- pale ambapo tuna ma-. Mbukusu anasema "kumusala" kwa mti mmoja na "kimisala" kwa mingi. Programu iliyojengwa kwa Kiswahili ingekiona kiambishi kimoja na kukiacha cha pili kikielea. Ile ya Runyankore, inayojua irabu ya mwanzo katika omuntu, ingekaribia zaidi. Kwa mtazamo wangu, atakayeanza kazi hii aanzie Runyankore, si Kiswahili wala Kizulu.

Hapo pia linajitokeza suala la namna tunavyofundisha. Wanaisimu, tangu enzi za Bleek na Meinhof, wanazipa ngeli nambari. Sisi mashuleni tunaziita kwa upatanisho, A-WA, U-I, LI-YA na kadhalika. Njia yetu ni nyepesi kwa mtoto, na siipingi. Ila mwanafunzi aliyejifunza kwamba mti na ugonjwa vyote vinachukua "u-" hataelewa kwa nini kimoja kinakwenda miti na kingine magonjwa mpaka aonyeshwe umbo la nomino yenyewe. Mashine ilihitaji vyote viwili, umbo na upatanisho. Sioni kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari asipewe vyote viwili, hasa anayesema anataka kusomea kompyuta.

Mwalimu anayetaka kulijaribu hili darasani hahitaji umeme. Aandike sentensi tatu ubaoni: Kila kifaru ana pembe. Wanafunzi wote hawakufaulu. Wake zake wako Jinja. Awaambie wanafunzi waandike kwanza maana ya kila sentensi kwa mtindo wa "kwa kila X, ikiwa X ni kadha, basi X ni kadha", kisha wapigie mstari kila kiambishi kinachotii nomino, kisha waiseme kwa lugha ya nyumbani na kupigia mstari tena. Sentensi ya pili itazusha ubishi, kwa kuwa inaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyefaulu au kwamba si wote waliofaulu, na mantiki inadai fomula mbili tofauti. Na kama darasani kuna Mmasaaba, Msoga na Mteso, mistari ya wawili wa kwanza itafanana kwa kiasi kikubwa, lakini ya Mteso itakuwa na sura nyingine kabisa, kwani Ateso si lugha ya Kibantu na nomino zake hupangwa kwa jinsia.